Maktaba iliyopakana na kichwa cha Mtwa Mkwawa

Mkataba wa Versailles una vifungu 440, na Iringa imo ndani yake. Haikutajwa kwa jina, ila kifungu cha 246 kinaitaka Ujerumani, ndani ya miezi sita tangu mkataba uanze kutumika, ikabidhi kwa serikali ya Mfalme wa Uingereza fuvu la Sultani Mkwawa, lililoondolewa Afrika Mashariki ya Kijerumani na kupelekwa Ujerumani. Huku kwetu kifungu hicho kinajulikana hata na watu wasiojua mkataba wenyewe ulimaliza vita gani. Kaa kijiweni Miyomboni, Iringa mjini, taja Wajerumani, subiri kidogo. Lazima atokee mzee wa kukutajia namba.

Ambacho sijamsikia mtu akikitaja ni kifungu jirani, cha 247. Hicho kinahusu maktaba ya chuo kikuu. Mtwa wetu, yaani mtawala wa Wahehe wa huku Iringa, na maktaba ya watu wamelala ukurasa mmoja zaidi ya miaka mia, na mmoja alitendewa tofauti kabisa na mwenzake.

Nilikiona nikiwa mwanafunzi Mkwawa, yaani Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, kwa wanaopenda majina kamili. Walio mbali huenda hawajui kwamba majengo yale hayakujengwa kwa ajili yetu. Serikali ya kikoloni iliyajenga miaka ya mwisho ya 1950 kwa ajili ya watoto wa Kizungu, ikaiita shule hiyo St Michael's and St George's. Kabla ya hapo watoto hao walikuwa wakisoma Kongwa, kwenye makao ya ule mradi wa karanga ulioanza 1947 na kufa baada ya miaka michache bila karanga za maana. Wakahamishiwa Iringa, penye hewa ya kuwakumbusha kwao. Enzi hizo shule zilitengwa kwa rangi, za Wazungu peke yake, za Wahindi peke yake, za Waafrika peke yake. Utaratibu huo ulifutwa Januari 1962, na haikuchukua muda shule ya watakatifu wawili ikawa Mkwawa High School. Aliyechagua jina alijua anachofanya. Baadaye pakafundishiwa walimu, na mwaka 2005 pakawa chuo kikuu kishiriki cha Dar es Salaam, sambamba na kile cha Chang'ombe. MMES, mpango wa serikali wa kupanua elimu ya sekondari, ilikuwa imeanza mwaka mmoja kabla, sekondari za kata ziko njiani, na walimu hawatoshi. Mimi ni zao la haraka hiyo, na silionei aibu.

Maktaba ya enzi zetu ilikuwa na matabaka. Ungeweza kukikuta kitabu kina mihuri miwili mitatu, mmoja umegongwa juu ya mwingine, na nyuma kimebandikwa karatasi ya tarehe za kurudisha. Tarehe zinashuka kwa wino wa bluu, zinakatika ghafla, halafu zinaanza tena kwa wino mweusi baada ya miaka mingi. Kuna vitabu nilivyoazima kwa ajili ya karatasi hizo tu. Kitabu chenye vifungu vya mkataba kilikuwa mkusanyiko wa nyaraka za historia ya Ulaya, mgongo wake umeshonwa kwa uzi mnene kama wa fundi viatu. Mhadhiri alitutuma kifungu cha 246, tunakili na kuondoka. Nikasoma na cha chini yake kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha na sikuwa na mwavuli.

Kwa ufupi kinasema hivi. Ujerumani ikipatie Chuo Kikuu cha Louvain, ndani ya miezi mitatu baada ya kupokea maombi, miswada ya mkono, vitabu vya mwanzo kabisa vya uchapaji, vitabu vya kawaida, ramani na vitu vya makusanyo, vinavyolingana kwa idadi na thamani na vile vilivyoteketea Ujerumani ilipoichoma maktaba ya Louvain. Halafu kinaendelea kudai mbao za pembeni za michoro miwili mashuhuri ya makanisa ya Ubelgiji. Hapo ndipo nilipoacha kuangalia mvua. Mbao za mchoro wa Karamu ya Mwisho wa Dieric Bouts, kinasema, mbili ziko makumbusho ya Berlin, na mbili ziko Pinakothek ya Kale, Munich. Kinatoa anwani.

Sasa rudi juu, kwenye 246. Fuvu la Mkwawa liko wapi? Lilipelekwa Ujerumani. Basi. Hakuna mji, hakuna jengo, hakuna kabati. Mtafuteni nchi nzima.

Miaka mingi baadaye, nikiwa tayari nafundisha historia kwenye sekondari ya kata huku Kilolo, kozi fupi ya walimu ikanifikisha Ubelgiji. Wenzangu walipanga kwenda kununua chokoleti. Mimi nikapanda treni ya Leuven, safari ya kama nusu saa kutoka Brussels. Louvain ni jina la Kifaransa. Wenye mji, ambao wanaongea Kiholanzi cha kwao, wanauita Leuven, na majina hayo mawili yana ugomvi wake nitakaoufikia.

Ilikuwa Novemba. Mwenyeji wangu, mwanafunzi wa uzamili kutoka Tukuyu, alinipokea stesheni na koti la ziada mkononi. "Shikamoo mwalimu, vaa hili kwanza." Nikamwambia mtu aliyewahi kulala Makete mwezi wa saba hatishwi na Ubelgiji. Nikalivaa hata hivyo. Kilichonitisha ni baiskeli, zinakuja bila kengele, bila sauti, zimejaa watoto wa chuo ambao hawaangalii kulia wala kushoto.

Chuo hicho kilianzishwa kwa hati ya Papa Martin V ya tarehe 9 Desemba 1425. Ndiyo, tisa Desemba. Nilimwambia kijana wa Tukuyu kwamba sasa ana sababu mbili za kupumzika siku hiyo. Andreas Vesalius alisoma hapo, yule aliyewafundisha madaktari wa Ulaya kupasua mwili na kutazama kwa macho yao wenyewe badala ya kuamini yaliyoandikwa na wakale. Gerardus Mercator naye alisoma hapo, mwenye ile ramani ya dunia inayoifanya Greenland ilingane na Afrika. Nakala yake bado inaning'inia kwenye ofisi yetu ya walimu, na kila mwaka namweleza mtu mpya kwamba Afrika ni kubwa kuliko Greenland mara kumi na zaidi. Na mwaka 1954 chuo hicho kilizaa mtoto Kongo, Chuo Kikuu cha Lovanium, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Kinshasa. Ushike huo mwaka, 1954, utauhitaji.

Agosti 1914 jeshi la Ujerumani liliingia Ubelgiji, nchi ambayo haikuwa upande wowote. Usiku wa tarehe 25 askari wakautia moto mji wa Leuven. Raia zaidi ya 200 waliuawa, wengine kama 1,500 wakasombwa kwa treni hadi Ujerumani. Maktaba ilikuwa kwenye jumba la kale la wafanyabiashara wa nguo. Iliungua yote, vitabu vinavyokadiriwa hadi 300,000, pamoja na mamia ya miswada iliyonakiliwa kwa mkono kabla uchapaji haujagunduliwa Ulaya. Dunia ikachafuka. Wasomi wa nchi kadhaa wakaandika, magazeti yakaandika, na neno Louvain likageuka kuwa shitaka.

Nikiwa nasoma habari hizo kwenye ubao wa maelezo, akili yangu ilikuwa Lugalo. Emil von Zelewski, kamanda wa Kijerumani, alipopandisha kikosi chake Uhehe mwaka 1891 alikuwa anachoma vijiji njiani. Alichoma hadi tarehe 17 Agosti, Wahehe walipomvamia Lugalo wakamuua pamoja na sehemu kubwa ya watu wake. Miaka mitatu baadaye, Oktoba 1894, Wajerumani walirudi na mizinga wakaivunja ngome ya Kalenga. Vile vijiji vilivyochomwa havikupata kifungu. Hakuna aliyeandika vilikuwa na maghala mangapi.

Jengo la maktaba la sasa liko kwenye uwanja wa Ladeuze, na huwezi kulikosa: mnara mrefu wenye kengele, paa la mwinuko mkali, madirisha mengi kuliko ya bungeni. Lilijengwa kwa michango ya Wamarekani baada ya vita, mbunifu wake Whitney Warren wa New York, likafunguliwa 4 Julai 1928, tarehe ambayo bila shaka haikuangukiwa kwa bahati. Mawe ya ukutani yamechongwa majina ya shule na vyuo vya Marekani vilivyochanga. Nilizunguka nikiyasoma kama mtu anayesoma orodha ya michango ya harusi, kuona nani alitoa na nani alijificha.

Warren alitaka pia kuchonga maneno ya Kilatini kwenye ukingo wa mbele, kwamba maktaba imebomolewa kwa ghadhabu ya Wajerumani na kurudishwa kwa zawadi ya Marekani. Mkuu wa chuo, Paulin Ladeuze, akakataa. Vita imekwisha miaka kumi, akaona si vizuri kuichonga chuki kwenye jiwe la nyumba ya vitabu. Waligombana hadi mahakamani, na ukingo ukawekwa bila maneno. Mimi nilitarajia nitakuwa upande wa Warren. Nilipofika mbele ya ule ukingo mtupu nikajikuta upande wa Ladeuze, labda kwa sababu kila mtu anayepita pale anauliza kwa nini ni mtupu, na anaambiwa kisa chote.

Mbele ya jengo imesimamishwa sindano ya chuma yenye urefu wa mita 23, na juu kabisa imemchoma mbawakawa mkubwa wa kijani, tumbo juu. Ni kazi ya Jan Fabre, zawadi ya chuo kwa mji. Kijana wa Tukuyu alisubiri niseme ni nzuri. Nilimwambia kwetu mdudu akiwa namna hiyo tunampigia dawa.

Ndani, watalii hupita na tiketi na wasomaji hupita na kitambulisho, na hawachanganywi. Ukumbi wa kusomea ni wa mbao tupu, giza kidogo, ghorofa ya pili yake imezunguka kama roshani, meza ndefu, taa juu ya kila meza. Wanafunzi walikuwa wamejaa na kompyuta zao. Hakuna aliyeinua kichwa. Nilikuwa nimejiandaa kuona jumba la kuogofya, nikakuta watoto wanajisomea, mmoja ameweka ndizi juu ya madaftari, mwingine amelala shavu juu ya mkono. Kwa hili niliwapenda. Maktaba kongwe nyingi zimegeuzwa makumbusho ya migongo ya vitabu. Hii bado inafanya kazi, mtu anaingia na njaa yake na mtihani wake wa Jumatatu.

Halafu unapanda mnara. Ngazi ni nyingi, na kila ghorofa wameweka picha za historia ya jengo, kwa hiyo unapumzika huku unajifunza, mpango mzuri kwa magoti ya mwalimu. Kuna picha ya jumba la kale baada ya moto wa 1914. Nguzo zimesimama, paa hakuna, mwanga unaingia kutoka juu kama uwanjani, na chini yake rundo la kijivu lililofika karibu na kiuno cha mtu. Ukilitazama haraka utadhani ni kifusi cha mawe. Nilikaribia. Kwenye kingo za rundo kuna kitu chembamba chembamba kilichopangana, na hapo unaelewa kwamba ni kurasa. Ziliungua zikiwa zimefungwa, kitabu kizima kimebaki na umbo lake lakini ni majivu.

Ghorofa inayofuata ni picha zilezile tena, mwaka mwingine. Mei 1940 maktaba iliungua kwa mara ya pili, safari hii jengo jipya la Wamarekani, na vitabu kama 900,000. Kati ya hivyo vilikuwemo vile Ujerumani ilivyoleta kutekeleza kifungu cha 247. Maana ilivileta. Ilivinunua na kuvikusanya, masanduku kwa masanduku, miaka ya 1920. Kisha vikaungua. Wakajenga tena kwa ramani ileile.

Ungefikiri watu walionusurika moto mara mbili wangekaa kwa amani na vitabu vyao. Sasa ndiyo habari ya yale majina mawili. Chuo kilikuwa na masomo ya Kifaransa na ya Kiholanzi chini ya paa moja, katikati ya mji wa wasema Kiholanzi, na miaka ya 1960 Waflemi, yaani hao Wabelgiji wa Kiholanzi, wakataka wenzao wa Kifaransa waondoke. Maandamano yakapamba moto. Mwaka 1968 serikali ya Ubelgiji ilianguka kwa sababu ya ugomvi huo. Upande wa Kifaransa ukajengewa mji mpya kabisa, Louvain-la-Neuve, ukahamia huko. Ikabaki maktaba. Nani achukue nini?

Waligawana kwa namba za rafu. Namba witiri upande mmoja, namba shufwa upande mwingine.

Nilipowasimulia walimu wenzangu, mwalimu wa hisabati alicheka hadi akatua kikombe. "Hao watu wamesoma," alisema. "Hakuna wa kulalamika kaonewa." Mwalimu wa Kiswahili, mama mtu mzima anayejua anachosema, hakucheka. Akauliza, "Na msomaji?" Maana msomaji ndiye aliyetakiwa sasa apande gari kwenda mji wa pili kutafuta kitabu kilichokuwa jana kwenye rafu ya jirani. Nimekifikiria kisa hiki mara nyingi kuliko moto wote wawili. Moto ni adui. Witiri na shufwa ni kikao kilichokaa na ajenda na muhtasari, watu wenye shahada wakanyoosha mikono.

Kabla ya kurudi Brussels niliomba tupite kanisa la Mtakatifu Petro, hatua chache kutoka ukumbi wa mji. Mchoro wa Bouts uko pale. Katikati Yesu amekaa na wanafunzi wake mezani, chumba kisafi, kila mtu ametulia kama anasubiri picha ipigwe. Pembeni mbao nne, na ndizo nilizofuata. Moja inaonyesha Waisraeli wakiokota mana jangwani. Wameinama, nguo zao nzito za Kiulaya zimeburuta chini, wanakusanya vitu vyeupe vidogo kwa vidole na kuvitia kwenye vyombo. Mwanamke mmoja ana mtoto pembeni. Ni kazi ya subira ya ajabu. Punje za mana zimechorwa moja moja.

Mbao hizo hazikuibwa. Ziliuzwa, karne ya 19, sokoni, kwa pesa, zikaishia Berlin na Munich kihalali kabisa. Na bado mkataba ulipozidai, zikitajwa idadi na mahali zilipo, mwaka 1920 zilikuwa zimesharudi.

Mkwawa je? Alijipiga risasi Mlambalasi tarehe 19 Julai 1898 asikamatwe. Sajini Merkl alifika akakuta mwili, kichwa kikakatwa, kikapelekwa kwa mkubwa wake wa Kijerumani, Tom von Prince. Wazo la kukidai lilitoka kwa Horace Byatt, Mwingereza aliyesimamia koloni hili baada ya Wajerumani kushindwa. Mwaka 1918 aliishauri London kwamba Wahehe walisaidia kwenye vita na jambo hilo lingewafurahisha. Mkataba ulianza kutumika 10 Januari 1920. Miezi sita ikaisha Julai. Ujerumani ikabisha kwamba kichwa hakikuletwa kwao, Uingereza ikasema basi, hakijulikani kilipo, na faili likafungwa. Vitabu vya Leuven vikaendelea kuwasili.

Sisemi kwamba Leuven ilipendelewa kwa sababu ni Ulaya na sisi tuliachwa kwa sababu ni Afrika, ingawa ukisema hivyo sitakugombeza. Nasema kitu cha kiofisi zaidi, na mtu yeyote aliyewahi kudai malimbikizo ya mshahara ataelewa. Leuven ilidai yenyewe. Maprofesa wake walikuwa hai, walikuwa na kumbukumbu za walichopoteza, walikuwa na rafiki kila mji wa kuandika barua. Mbao za Bouts zilikuwa na anwani. Dai letu lilibebwa na mtu mwingine kwa sababu zake, na sababu zilipomwisha akaliweka chini. Wahehe hawakuwa kwenye chumba, na kifungu kiliandikwa kwa namna ambayo asiyetaka kutafuta hakulazimika.

Aliyetafuta ni Gavana Edward Twining, tena kwa hiari yake, karibu kizazi kizima baada ya muda kwisha. Mwaka 1953 alikwenda makumbusho ya Bremen. Alikuta mafuvu kama 2,000, na 84 kati yake yalitoka iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Akachambua yale ambayo vipimo vyake vilikaribiana na vya ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai, na kati ya hayo akachukua lililokuwa na tundu la risasi. Tarehe 19 Juni 1954 alilikabidhi Kalenga kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mtwa, ambaye baadaye alikuja kuwa Spika wa Bunge letu kwa miaka mingi. Huo ndio mwaka niliokuambia uushike. Leuven ilikuwa inafungua chuo Kongo wakati sisi tunapokea kilichoandikwa pamoja nayo mwaka 1919.

Fuvu liko Kalenga mpaka leo, kwenye kisanduku cha kioo, na kila anayekwenda na watoto wa shule hukutana na swali lilelile: lakini ni lake kweli? Zamani swali hilo lilinikera. Tangu Leuven halinikeri tena. Vitabu vilivyorudishwa kule navyo havikuwa vile vilivyoungua. Kifungu kilidai vya idadi na thamani inayolingana, si vilevile. Muswada wa pekee ukiungua umeungua. Chuo kilipokea vitabu vingine, kikavipiga muhuri wake, kikavipanga, wanafunzi wakavisoma, na havikuitwa tena vya Wajerumani.

Nilimuuliza mzee mmoja pale Kalenga, mtu wa ukoo, nikiwa nimeshamsalimu vizuri na tumeshaongea mahindi na mvua. Nikamwambia, baba, watu wanasema lilichaguliwa kwa rula. Hakukasirika. "Lilipokelewa na wenyewe," akasema. "Wewe ungetaka waseme nini, lirudi?" Halafu akaniuliza kama kule nilikokwenda wale wazungu waliulizana kama vitabu vyao ni vya kweli.

Sitaki mtu asome hapa kwamba nimemaliza mjadala. Mwenye kutaka kipimo cha vinasaba ana haki ya kukitaka, na mwenye kukikataa ana haki yake. Ila ningewaomba wanaolishuku fuvu la Kalenga wayaulizie na yale mengine 83 ya Bremen. Yalikuwa ya nani? Taasisi moja ya Berlin ina mafuvu zaidi ya 1,100 kutoka iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, mengi ya Rwanda, na mengine ya kwetu. Mwaka 2023 watafiti wake walitangaza kwamba machache yamepatiwa ndugu walio hai hapa Tanzania kwa vinasaba. Novemba mwaka huohuo Rais Frank-Walter Steinmeier alifika Songea akaomba radhi kwa yaliyotendeka wakati wa Maji Maji, na akaahidi Ujerumani itasaidia kukitafuta kichwa cha Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni aliyenyongwa 1906. Kwa maneno mengine, kuna kifungu kingine kinaandikwa sasa hivi, na safari hii tuko chumbani.

Kwa hiyo mwaka huu niliacha kuwapa kidato cha tatu swali la kukariri sababu tano za upinzani wa Wahehe. Niliandika ubaoni vifungu viwili, 246 na 247, kwa Kiswahili changu, nikawagawa makundi waandike kifungu chao cha kudai kilichobaki. Maktaba yetu ni makabati mawili na ufunguo anakaa nao msichana wa kidato cha nne, lakini kwa kazi hii hawakuhitaji zaidi ya chaki na kelele.

Kundi la kwanza liliandika miezi sita, kwa kuiga. Kundi la pili wakaandika siku saba na faini, mmoja wao baba yake anafanya kazi benki. Kundi la nyuma, ambalo kwa kawaida nalituliza kwa kulitaja majina, liligoma kuandika muda wowote. Waliandika kwamba Ujerumani ilete kwanza orodha: kila fuvu, lilichukuliwa kijiji gani, na nani, mwaka gani, na sasa liko jengo gani, kabati la ngapi. Ikishaletwa, walisema, ndipo tutakaa kuhesabu miezi. Kundi la kwanza wakalalamika kwamba hilo si jibu la swali. Niliwapa wa nyuma alama zote ishirini.